Hekalu la Thanjavur: mnara wa graniti ulisimamaje bila saruji, na habari ya kivuli ni ya kweli?

Mkazi wa Ngara

Hamjambo wanajukwaa. Kila asubuhi matatu ninayopanda hupita karibu na hekalu la Kihindu la Swaminarayan pale Forest Road, ambayo siku hizi ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai, na kwa miaka mingi nimeyatazama yale mawe ya manjano yaliyochongwa bila kujua hata mtindo wake unaitwaje. Juma lililopita mzee jirani yangu, ambaye babu yake alitoka Gujarat, aliniona nikilitazama akaniita kwake, tukanywa chai, kisha akanionyesha picha ya hekalu jingine ambalo anasema limelitangulia hili la Nairobi kwa karibu miaka elfu moja. Liko Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, na huitwa Brihadisvara. Mzee mwenyewe hajawahi kufika huko, kwa kuwa ukoo wake ni wa magharibi mwa India, na maswali niliyomuuliza alinijibu kwa uaminifu kwamba niwatafute watu waliosoma.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta, lakini ninachokipata ni video fupi zinazosambazwa katika makundi ya simu, na kila moja inadai jambo la ajabu kuliko iliyotangulia. Inasemwa kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini saa yoyote ya mchana. Inasemwa kwamba kuba lililo kileleni ni jiwe moja tu lenye uzito wa tani 80. Inasemwa pia kwamba hakuna chokaa wala saruji iliyotumika. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni nani aliyelijenga na kwa fedha gani, mawe yalipandishwa vipi, na katika madai hayo lipi la kweli na lipi la kuongezwa chumvi. Ningependa pia kujua kwa nini mnara wake umekwenda juu kwa ngazi ngazi kama piramidi, ilhali minara ya hapa Forest Road imepinda kwa ulaini kama chipukizi la mgomba.

Mwalimu wa Buruburu

Ndugu Mkazi wa Ngara, nashukuru kwa swali. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na hekalu hili ni miongoni mwa majengo machache ya kale ambayo hatuhitaji kubahatisha habari zake, kwa sababu aliyelijenga aliamuru hesabu zake zichongwe kwenye kuta zenyewe.

Alikuwa Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola, aliyetawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Hekalu lilikamilika mwaka 1010, naye akaliita kwa jina lake mwenyewe, Rajarajesvaram, yaani mahali pa mungu Shiva, Bwana wa Rajaraja. Jina la Brihadisvara, lenye maana ya Bwana Mkuu, lilikuja baadaye. Maandishi yanasema kwamba katika mwaka wa 25 wa utawala wake, siku ya 275, mfalme alikabidhi chungu cha shaba kilichopakwa dhahabu ili kiwekwe kwenye ncha ya mnara. Ni nadra sana kupata jengo la umri huu ambalo siku ya kutiwa ncha yake inajulikana.

Kuhusu fedha, ni lazima tuseme ukweli wote. Sehemu kubwa ilitoka vitani. Rajaraja aliwashinda wafalme wa Kerala, akavamia kaskazini mwa Sri Lanka, na mojawapo ya malango mawili makubwa ya hekalu bado huitwa Keralantakan, yaani Mwangamizaji wa Kerala. Kodi za vijiji kadhaa, vikiwemo vijiji vya Sri Lanka, zilielekezwa kulihudumia hekalu. Anayeusifu mnara asisahau wakulima wa ng'ambo waliotoa mpunga wao kwa mungu wa mtu aliyewashinda.

Lakini kinachonivuta mimi kuliko mnara ni ule mstari wa msingi uliojaa herufi za Kitamil. Mfalme anaagiza pale kwamba yale aliyotoa yeye, yale aliyotoa dada yake mkubwa, yale waliyotoa wake zake na yale waliyotoa watu wengine, yote yachongwe katika jiwe. Dada huyo ni Kundavai, naye anatajwa kabla ya wake za mfalme. Baada ya hapo hufuata orodha ambayo mhasibu yeyote wa leo angeiheshimu: sanamu za shaba zimepimwa urefu wake, vito vimehesabiwa, lulu zimetajwa idadi, na uzito wa pambo la dhahabu unaelezwa kama umejumuisha lakiri iliyomo ndani yake au la.

Watumishi nao wamo. Wachezaji ngoma wa kike 400 walihamishwa kutoka mahekalu mengine ya nchi ya Chola, na kila mmoja ametajwa kwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa aliopewa na nyumba yake katika mtaa huo, pamoja na fungu lake la mpunga kwa mwaka. Wapo wapiga ngoma, mafundi cherehani, wafinyanzi, dobi, kinyozi, mtabiri wa nyota, mfua dhahabu. Yupo pia mwashi mkuu, Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan, na hili ni jambo la kutuliza moyo, kwa kuwa majengo mengi makubwa ya dunia yametunza jina la aliyelipa na kumsahau aliyejenga.

Jambo moja nawaletea ninyi mliokulia nyumba za wafugaji. Ili taa moja iwake mbele ya mungu usiku na mchana bila kuzimika, wachungaji walikabidhiwa kondoo majike 96, na kwa malipo ya mifugo hiyo walipaswa kuleta kila siku kipimo kimoja cha samli kiitwacho ulakku. Kama si kondoo 96, basi ng'ombe majike 48, au nyati wa kufugwa majike 16. Mtoaji hakutoa samli. Alitoa mtaji, na mchungaji akala faida ya uzao na kulipa kwa samli kizazi baada ya kizazi. Maandishi ya Kitamil ya zama hizo huwaita kondoo wa namna hii "wasiokufa wala wasiozeeka", kwa maana kwamba anayekufa hurithiwa na mwana wake na hesabu haipungui. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimkumbuka babu yangu, ambaye aliweza kutaja mbuzi wa mahari ya bibi yangu kana kwamba wale wale bado walikuwa zizini.

Kwa kulinganisha umri, maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi kule Unguja yanataja mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, yaani miaka 97 baada ya mnara wa Thanjavur kutiwa ncha. Waashi wa matumbawe wa pwani yetu na waashi wa graniti wa Chola walikuwa watu wa zama zinazokaribiana, na bahari iliyo kati yao ni moja.

Mambo ya mawe nawaachia mafundi.

Bi. wa South C

Mwalimu ametufungulia mlango vizuri. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho, hasa habari ya kivuli.

Nilifika Thanjavur mwezi wa Machi, miaka kadhaa iliyopita, nilipompeleka mama yangu Chennai kwa upasuaji. Alipokuwa amepata nafuu na dada yangu amekuja kunipokea zamu, nilipanda gari la moshi la usiku kutoka stesheni ya Egmore nikashuka asubuhi. Viatu huachwa nje ya lango. Kwa kuwa jua lilikuwa bado halijakolea, nilitembea peku juu ya mawe ya ua bila taabu, nikalizunguka hekalu kwa upande wa kushoto kwenda nyuma, kama nilivyowaona wenyeji wakifanya.

Hekalu limeelekea mashariki, kwa hiyo nyuma yake ni magharibi. Ilikuwa karibu saa tatu ya asubuhi. Nilipofika nyuma nilikuta kivuli cha mnara kimelala juu ya ua wote, kikavuka mpaka ile baraza ndefu ya nguzo inayouzunguka ukuta, na ncha yake ikapanda kwenye nguzo. Familia nzima zilikuwa zimeketi ndani ya kivuli hicho na vyakula vyao. Nami niliketi humo kwa zaidi ya saa nzima, na mgongo wangu ukapoa. Kwa hiyo anayesema kivuli cha mnara huu hakianguki chini amwulize hata mtoto wa Thanjavur.

Nilichokuja nacho ni ule mguso wa maandishi. Yameanza chini kabisa, kiasi cha magoti, yakaendelea kuzunguka msingi, mstari juu ya mstari. Hayakuchongwa kwa madaha ya kupendeza jicho tu. Herufi ni za kina, za duara, zimebanana, na ukipitisha kidole unahisi ukingo wake bado ni mkali mahali ambapo mvua haipigi. Graniti haikubali kusuguliwa kirahisi. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa karibu nami alisoma maneno mawili matatu kwa sauti, polepole, akacheka kwa furaha, akaniashiria kwamba mengine hayawezi kwa sababu lugha ni ya kale.

Mbele ya hekalu, upande wa mashariki, yupo Nandi, fahali wa Shiva, wa jiwe moja, urefu wake takriban mita 6, amelala kwa utulivu akiutazama mlango. Ngozi yake ni nyeusi na inang'aa kwa mafuta ya ibada ya miaka mingi. Nadhani Rajaraja aliupenda sana mfano huo wa fahali, kwa maana wapo wengine wengi wadogo juu ya ukuta wa ua.

Fundi Mawe wa Juja Road

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwashi, na mawe niliyoyazoea ni ya Ndarugo, ambayo kila mjenzi wa Nairobi anayajua: unalichonga kwa shoka la mawe kabla ya chai ya saa nne, na jioni limekuwa na kona nne. Graniti ni kitu kingine kabisa. Niliwahi kupewa kazi ya ngazi za graniti, nikavunja patasi tatu kwa siku ya kwanza. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba watu walijenga mnara wa takriban mita 60 kwa jiwe hilo, wakati ambapo umeme haukuwapo wala msumeno wa almasi, nilitaka kuelewa kila hatua.

Nianze na chimbo. Thanjavur iko katika delta ya mto Kaveri, nchi ya matope na mpunga, na jiwe la namna hii halipatikani hapo. Ilibidi lisafirishwe makumi ya kilomita. Kuligawa jiwe katika chimbo, njia iliyotumika katika nchi hiyo kwa karne nyingi ni kutoboa safu ya vishimo kwenye mstari, kupachika kabari katika kila kimoja, na kuzigonga kwa zamu mpaka jiwe lenyewe liachie. Hata leo mafundi wa chimbo hapa kwetu wakikosa mashine hufanya hivyo hivyo.

Sasa ukuta. Ni kweli kwamba mawe yamepangwa makavu, jiwe juu ya jiwe, na kinachoyashika ni uzito na namna yalivyokatwa kukaliana. Watu wanadhani saruji ndiyo nguvu ya jengo. Saruji kwa mawe kama ya Ndarugo hufanya kazi ya kusawazisha, kwa kuwa nyuso za mawe yetu si sawa, na bila ya kitu laini katikati jiwe lingekalia ncha moja tu na kupasuka. Uso wa jiwe ukichongwa ukalala vizuri juu ya mwenzake, hitaji hilo linaondoka. Tena saruji huchoka. Maungo makavu ya graniti hayana cha kuchoka.

Jambo ambalo video hazilitaji, na ambalo kwangu ndilo la kustaajabisha, ni kwamba mnara una uwazi ndani. Chumba kitakatifu chini kimezungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna njia ya kuzunguka. Kuta hizo mbili, moja ikisaidiana na nyingine, ndizo zinazobeba mnara. Juu yake, kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, pande zote nne kwa pamoja, mpaka nafasi ikajifunga kwenda juu kwa orofa 13. Hakuna tao. Kila jiwe linaning'inia kidogo mbele, na linazuiwa lisianguke na uzito wa yale yaliyolala juu ya mkia wake. Ukikosea kipimo, ukasogeza kwa pupa, safu inapinduka ndani. Ukiogopa mno ukasogeza kidogo kidogo, mnara haufungi kamwe na mawe yanazidi. Mtu aliyekadiria mteremko huo kwa kamba na timazi, kuanzia msingi wa mita 30 kila upande mpaka kileleni, alikuwa ameumaliza mnara wote kichwani kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Nakuja kwenye kuba la tani 80. Wachunguzi waliopanda na kulipima wameonyesha kwamba limeunganishwa kwa vipande kadhaa. Kwa mbali, na nakshi zake zilivyopangwa, maungo hayaonekani. Hili halimpunguzii mwashi heshima yake. Wenyeji husimulia kwamba kulikuwa na njia ya udongo yenye mwinuko, iliyoanzia kijiji kilicho umbali wa kilomita 6, na jiwe likavutwa juu yake na tembo. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Njia ya kilomita 6 inayopanda mita 60 ina wastani wa kimo cha mita 30. Tukiipa upana wa mita 10 tu, na tujifanye kwamba kingo zake zimesimama wima, jambo ambalo udongo hauwezi, tunapata mita za ujazo 1,800,000. Lori la hapa mjini likibeba mita za ujazo 6 kwa safari, hizo ni safari 300,000. Mawe ya tani chache hayahitaji mlima wa namna hiyo. Njia fupi zaidi, yenye mteremko mkali kidogo, iliyozungushwa kwenye mnara wenyewe au kuegemezwa upande mmoja, pamoja na jukwaa la magogo, ingetosha, na mimi ndiyo ningeichagua.

Habari ya kivuli aliyoitoa Bi. wa South C inanifurahisha kwa sababu hesabu yake inaonyesha uvumi ulikotoka. Kilele kiko katikati ya msingi, kwa hiyo kiko mita 15 kutoka ukingo wa chini. Mnara ni mita 60. Jua likiwa juu sana, karibu na utosi, kivuli cha kilele hakifikii hata hizo mita 15, kwa hiyo kinaangukia mwili wa hekalu lenyewe na ua unabaki mweupe. Thanjavur iko karibu na nyuzi 11 kaskazini mwa ikweta, na kuanzia Machi mpaka Septemba saa sita za mchana huko huwa hivyo. Hata sisi Nairobi, mwezi wa Machi saa sita na nusu, mtu hukanyaga kivuli chake. Aliyefika adhuhuri alisema kweli ya adhuhuri, na waliomsikia wakaifanya ya siku nzima.

Mwalimu wa Buruburu

Fundi, nimeisoma hesabu yako mara mbili na nitaiandika ubaoni. Hata hivyo naomba kumsahihisha Bi. wa South C katika jambo moja, kwa heshima. Fahali mkubwa aliyemwona mbele ya hekalu si wa Rajaraja. Ni wa zama za watawala wa Nayaka, karne nyingi baada ya Chola, na banda lake ni la zama hizo pia. Hekalu dogo la mungu wa kike liliongezwa karne ya 13, enzi ya Pandya, na watawala wa Maratha, waliofuata, walichonga historia ya ukoo wao kwenye ukuta mwaka 1803. Kila aliyeishika Thanjavur alitaka jina lake likae ndani ya ua ule.

Hata rangi zilipandishwa juu ya rangi. Katika ile njia ya giza kati ya kuta mbili aliyoieleza Fundi, wasanii wa Nayaka walichora picha zao, na kwa muda mrefu zikadhaniwa kuwa ndizo pekee. Mwaka 1931 iligunduliwa kwamba chini ya plasta yao kuna picha za zama za Rajaraja mwenyewe, zilizopakwa juu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Wahifadhi baadaye walifaulu kuibandua tabaka ya juu katika sehemu kadhaa na kuihifadhi kando, ili zote mbili zibaki.

Mkazi wa Ngara

Nawashukuru sana, na nimemsomea mzee jirani yangu majibu yote. Aliposikia habari ya kondoo wasiokufa aliomba nirudie. Limebaki swali langu la umbo. Kwa nini Thanjavur ni piramidi na Forest Road si piramidi?

Mwalimu wa Buruburu

Nisamehe, nilisahau. India ina mitindo miwili mikuu ya mahekalu. Ule wa kaskazini huitwa Nagara, na mnara wake hupanda kwa mkunjo mmoja mlaini, mara nyingi ukiegemewa na minara midogo inayofanana nao, kisha hufungwa kwa jiwe la duara lenye mbavu mbavu. Hekalu la Forest Road, lililofunguliwa mwaka 1999 na kuvishwa mawe ya manjano ya Jaisalmer, ni la ukoo huo, kama yalivyo mahekalu ya Gujarat na Rajasthan. Ule wa kusini huitwa Dravida. Mnara wake ni orofa juu ya orofa, kila moja ndogo kuliko ya chini, na kila orofa imepambwa kwa vijumba vidogo vya jiwe, kana kwamba mji wa miungu umepandana.

Tofauti hiyo inaleta mkanganyiko wa maneno ambao hata waandishi wa magazeti huangukia. Kaskazini neno shikhara ni mnara mzima. Kusini ni lile kuba la juu tu, na mnara mzima huitwa vimana. Gopuram nayo ni mnara wa lango. Katika mahekalu ya baadaye ya kusini, kama lile la Madurai, malango ndiyo yalikua marefu na chumba kitakatifu kikabaki kifupi katikati, kimefichwa. Thanjavur ni kinyume chake. Malango ni mafupi, na urefu wote umewekwa juu ya chumba cha ndani kabisa, ambacho kwa Kisanskriti huitwa garbhagriha, nyumba ya tumbo la uzazi, kidogo, chenye giza, kisicho na dirisha. Mwanawe Rajaraja, Rajendra, alijenga hekalu lake Gangaikonda Cholapuram kwa mfano huo huo, lakini akaufanya mnara kuwa mfupi kidogo na kingo zake zikapinda ndani. Wapo wanaolipenda hilo zaidi, nami ni mmoja wao. Hekalu la Thanjavur liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, na lile la Rajendra pamoja na la Darasuram yakaongezwa mwaka 2004. Yote matatu bado yanatumika kwa ibada.

Nimalizie kwa jambo moja la Fundi. Juu ya ile njia ya kuzunguka kuna njia nyingine ya orofa ya pili, na ukutani mwake zilikusudiwa kuchongwa sanamu 108 za Shiva akicheza, moja kwa kila mkao wa ngoma. Zilizokamilika ni 81. Baada ya hapo mawe 27 yanafuatana bila alama yoyote. Ungesema nini kama mwashi?

Fundi Mawe wa Juja Road

Ningesema kwanza kwamba mawe hayo 27 yako mahali pake, ndani ya ukuta, yamebeba uzito kama mengine. Maana yake nakshi hazikuchongwa chini uani na kupandishwa zikiwa tayari. Walijenga kwanza, kisha mchongaji akaingia katika njia hiyo nyembamba na taa yake, huenda taa ya samli, akaanza upande mmoja na kufuata mstari jiwe kwa jiwe. Kazi ya namna hiyo haisamehi. Jiwe likiwa chini, ukikosea mkono wa sanamu unaleta jingine. Likiwa ukutani na orofa 13 juu yake, kosa lako halitoki tena. Alifanya hivyo mara 81. Kilichomzuia kuanza la 82 ukuta hausemi, lakini ningetoa nauli ya mwezi mzima kusimama mbele ya jiwe hilo na kuona kama kuna mstari wa chaki au mkwaruzo wa patasi mahali alipopima bega la kwanza.

Bi. wa South C

Njia ya juu wageni hawaruhusiwi, Fundi. Nilimwomba mlinzi, akatikisa kichwa kwa upole, akanielekeza kwenye picha zilizowekwa kwa ajili ya wageni. Katika picha niliyoiona, jiwe linalofuata sanamu ya mwisho limelainishwa uso wake wote, limeandaliwa kabisa, na halina hata mkwaruzo.